Heinrich Melchior Mühlenberg, Mchungaji wa Wageni Waliovuka Bahari

Katika habari za wachungaji wa zamani limo jina moja ambalo Walutheri wa Marekani hulitaja kwa heshima kubwa, maana humhesabu mwenye jina hilo kuwa baba wa Kanisa lao. Jina hilo ni Heinrich Melchior Mühlenberg. Amekwisha kufa zaidi ya miaka mia mbili, walakini habari zake zatufaa hata sisi, kwa sababu alikuwa mgeni aliyetumwa kwa wageni. Alipanda merikebu, akavuka bahari, akashuka katika nchi asiyoijua, wala yeye hakujulikana na mtu. Na tangu siku hiyo mpaka kufa kwake hakusahau jinsi ilivyo kushuka bandarini pasipo mtu wa kukupokea. Basi na tuyasimulie maisha yake kwa utaratibu.

1. Ujana wake na mwito wake

Mühlenberg alizaliwa tarehe 6 Septemba 1711 katika mji mdogo wa Einbeck, katika nchi ya Hannover iliyoko Ujerumani. Baba yake alikuwa fundi wa viatu, mtu aliyeheshimiwa na wenyeji wa mji. Walakini kijana alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi, baba yake alifariki, naye akalazimika kuacha masomo, akafanya kazi za mikono nyumbani muda wa miaka mingi. Hata hivyo hakukata tamaa. Kazi ya mchana ikiisha, alijifunza hesabu na kupiga kinanda. Alipokuwa mtu mzima akapata nafasi ya kurudi katika masomo, na mwaka 1735 akaingia katika chuo kikuu kipya cha Göttingen. Huko yeye na wenzake wachache waliwakusanya watoto wa maskini waliokuwa wakizurura njiani, wakawafundisha kusoma na kuandika na Katekisimo. Hivyo kabla hajapewa kazi na mtu yeyote, alikuwa amekwisha kuianza kazi yake.

Mwaka 1738 akaenda Halle, mji ambao August Hermann Francke alijenga nyumba kubwa ya yatima na shule nyingi. Kutoka Halle ndiko walikotumwa wale wamisionari wa kwanza wa Kilutheri waliofika Tranquebar katika nchi ya Bara Hindi mwaka 1706. Mühlenberg akawa mwalimu katika nyumba ile ya yatima, na wakubwa wake wakafikiri kumpeleka Bara Hindi naye. Shauri hilo halikutimia. Mwaka 1739 aliwekewa mikono katika mji wa Leipzig, akapewa usharika mdogo wa Grosshennersdorf karibu na mpaka wa Bohemia, akautumikia kwa furaha miaka miwili.

Tarehe 6 Septemba 1741, siku ile ile aliyotimiza umri wa miaka thelathini, alikuwa Halle mezani pa Gotthilf August Francke, mwana wa yule Francke wa kwanza. Hapo mezani akaulizwa kama yu tayari kwenda Amerika, katika nchi ya Pennsylvania, awe mchungaji wa shirika tatu zilizoungana: Philadelphia, New Providence na New Hanover. Watu wa shirika hizo walikuwa wametuma wajumbe Ulaya tangu mwaka 1733 kuomba mchungaji, na barua zilikwenda na kurudi muda wa miaka minane pasipo mtu kupatikana. Wakubwa wa Halle walitaka kujua kwanza mchungaji atalipwa nini. Washarika nao walisema ya kuwa watalijua hilo watakapomwona mtu mwenyewe. Katika muda huo watoto walizaliwa na kukua pasipo mafundisho, na wagonjwa walikufa pasipo Chakula cha Bwana. Mühlenberg alipoyasikia hayo hakuomba muda mrefu wa kufikiri. Aliona ya kuwa Mungu ndiye anayeita, akakubali.

2. Safari ya baharini

Mwanzo wa mwaka 1742 alishika njia kwenda London. Huko alikaa majuma tisa kwa Ziegenhagen, mhubiri wa Kijerumani katika jumba la mfalme, akapata barua yake ya mwito na maonyo mengi ya kumfaa, tena akaanza kujifunza Kiingereza. Mwezi wa Juni akapanda merikebu iliyokuwa ikienda Amerika ya kusini ya nchi za Waingereza. Wakati huo palikuwa na vita kati ya Waingereza na Waspania, kwa hiyo merikebu ilichukua mizinga, na kila tanga lililoonekana mbali liliwatia watu hofu.

Habari za safari hiyo twazijua kwa kuwa Mühlenberg alikuwa na desturi ya kuandika kila siku mambo yaliyompata, na vitabu vyake vimehifadhiwa. Aliandika jinsi alivyougua kwa mawimbi na homa, jinsi mabaharia walivyolaani na kutukana, na jinsi alivyojaribu, kwa Kiingereza chake kichache, kusali na abiria na kuwafundisha watoto. Humo merikebuni ilikuwamo jamaa moja ya watu wa Salzburg, nao walikuwa faraja yake, maana aliweza kuimba na kuomba pamoja nao kwa lugha ya nyumbani.

Safari ilichukua zaidi ya miezi mitatu. Upepo ulikuwa kinyume, kisha ukatulia kabisa, na merikebu ikasimama juu ya bahari kama nyumba iliyojengwa. Maji ya kunywa yakapungua, watu wakapimiwa kidogo kidogo. Kiu ilikuwa kali hata panya nao hawakuweza kuivumilia. Mühlenberg aliandika ya kuwa panya walitafuna vizibo vya chupa za siki, wakatia mikia yao ndani, kisha wakailamba. Watu walipokuwa karibu kukata tamaa, wakakutana na merikebu za vita za Kiingereza, wakapewa maji. Tarehe 23 Septemba 1742 wakatia nanga katika bandari ya Charleston, Carolina ya Kusini.

3. Mambo aliyoyaona Charleston na Ebenezer

Katika mji wa Charleston Mühlenberg aliona jambo ambalo hakupata kuliona kwao. Aliwaona Waafrika wengi, waliopita wazungu kwa hesabu, nao walikuwa watumwa. Hao nao waliletwa kwa merikebu kuvuka bahari ile ile, lakini hawakuja kwa mapenzi yao, wala hawakuwekewa mwaka wa kuwa huru. Aliwauliza habari zao, akasikia ya kuwa mabwana wao wengi hawakutaka wafundishwe neno la Mungu, kwa kuogopa wasije wakawa wagumu kutawaliwa. Mühlenberg alihuzunika, akaandika katika kitabu chake ya kuwa jambo hili litaleta hukumu kali kwa wakati wake, maana watu wanaojiita Wakristo wanawatumia wanadamu wenzao hivi. Neno hilo tulikumbuke, maana tutalirudia.

Kutoka Charleston alisafiri mpaka Ebenezer, katika nchi ya Georgia, kuwatazama watu wa Salzburg waliokaa huko. Hao walikuwa Walutheri waliofukuzwa na askofu mkuu wa Salzburg katika miaka ya 1731 na 1732 kwa ajili ya imani yao. Walifukuzwa watu zaidi ya ishirini elfu, na wengi wao wakatoka majumbani mwao wakati wa baridi kali. Wengi walikwenda Prussia, na wachache wakavuka bahari, wakafika Georgia mwaka 1734. Mchungaji wao, Johann Martin Boltzius, alimpokea Mühlenberg kama ndugu. Watu wa Ebenezer walilima kwa mikono yao wenyewe, na Boltzius alipinga kwa nguvu utumwa usiingie Georgia, maana wakati huo sheria ya nchi hiyo ilikuwa ikiukataza. Mühlenberg alikaa nao siku chache, akatiwa moyo. Aliona ya kuwa wageni waliokuja pamoja na mchungaji wao na vitabu vyao hawakupotea, ijapokuwa wengi wao walikufa kwa homa.

4. Kushuka Philadelphia

Safari ya mwisho ilikuwa mbaya kuliko ile ya kwanza. Mwezi wa Novemba, wakati wa dhoruba, Mühlenberg alipanda jahazi dogo kutoka Charleston kwenda Philadelphia. Mvua iliingia chini, mahali pa kulala palikuwa pachafu na pembamba, naye aliugua mno. Baada ya siku kumi na tatu, tarehe 25 Novemba 1742, asubuhi, akashuka Philadelphia.

Hapakuwa na mtu aliyemngoja. Washarika waliomwomba kwa miaka mingi hawakujua ya kuwa amefika. Hakumfahamu mtu, nguo zake zimelowa, mwili umedhoofika. Akauliza huku na huku, akaambiwa ya kuwa Walutheri wa mji wamegawanyika. Wengine walimfuata mzee mmoja aliyekuwa mchungaji Ujerumani akaondolewa katika kazi yake. Wengine walimfuata Count Zinzendorf, aliyefika Pennsylvania mwaka uliotangulia. Na huko New Hanover walikuwa wamejipatia mtu wa kuuza dawa na kung'oa meno, naye alihubiri na kubatiza ijapokuwa hakuwekewa mikono.

Mtu mwingine pengine angalitafuta jahazi la kurudi. Mühlenberg aliajiri farasi, akafuatana na mtu wa New Hanover aliyekuwa akirudi kwake, akaenda kiasi cha maili thelathini na sita kwa njia ya matope na mito iliyojaa maji ya baridi. Jumapili tarehe 28 Novemba akahubiri mara ya kwanza katika nyumba ya magogo iliyokuwa haijamalizika. Baada ya ibada akawasomea watu barua yake ya mwito. Wengine walifurahi, wengine wakanung'unika. Waliogopa kulipa mtu mwingine tena, maana walikuwa wamekwisha kudanganywa mara nyingi na watu waliojiita wachungaji. Huko New Providence alihubiri katika ghala ya mavuno. Huko Philadelphia Walutheri walikuwa wakipanga nyumba kuukuu iliyokuwa zamani machinjio, lakini Waswidi Walutheri, waliokuwa na kanisa lao zuri la matofali, wakamwazima kanisa lao, na mchungaji wao akazisoma barua zake akamshuhudia ya kuwa ni mjumbe wa kweli.

Tarehe 30 Desemba alionana na Zinzendorf mbele ya watu. Yapasa tuseme kwa haki ya kuwa Zinzendorf alikuwa mtu wa kumcha Mungu, tena ndiye aliyewapokea na kuwaongoza Ndugu wa Herrnhut, yaani Wamoravian, ambao baadaye sana, mwaka 1891, walifika kwetu Unyakyusa wakaanza kazi ya Injili Rungwe. Walakini siku hiyo watumishi hao wawili hawakupatana. Zinzendorf alijiita msimamizi wa Walutheri wa nchi hiyo. Mühlenberg alimwonyesha barua yake, akataka kitabu cha usharika na kikombe cha Chakula cha Bwana virudishwe. Mwanzo wa mwaka 1743 Zinzendorf akarudi Ulaya, na Mühlenberg akabaki na kundi lake. Twajifunza hapa faida ya barua ya kweli. Mahali ambapo wageni ni wengi, na kila mtu aweza kujitangaza apendavyo, ushuhuda ulioandikwa na Kanisa ulimtenganisha mchungaji na mchuuzi.

5. Kulipanda Kanisa

Tangu hapo Mühlenberg hakupumzika. Alizitumikia shirika tatu kwa zamu, akifundisha shule mwenyewe kila alipokaa, kwa kuwa walimu hawakuwapo. Katika darasa lake walikuja vijana wa miaka kumi na saba hata ishirini wakiwa na kitabu cha herufi mkononi, naye hakuwacheka. Mwezi wa Aprili 1743 jiwe la msingi la kanisa la Mt. Mikaeli liliwekwa Philadelphia, na mwezi wa Mei lile la kanisa la New Providence, mahali paitwapo Trappe. Kanisa hilo la Trappe lilibarikiwa mwaka 1745 nalo lingali limesimama mpaka leo. Mwezi wa Agosti 1748 wachungaji na wajumbe wa shirika wakakutana Philadelphia, wakafanya sinodi ya kwanza iliyodumu ya Walutheri wa Amerika. Hapo walikubaliana juu ya utaratibu mmoja wa ibada, na Johann Nicolaus Kurtz, aliyekuwa mwalimu na mwinjilisti, akawekewa mikono. Mühlenberg aliamini ya kuwa kazi aliyopewa ni kulipanda Kanisa, na mwenye kupanda hana budi kulala karibu na shamba lake.

Mwaka 1745 alimwoa Anna Maria, binti wa Conrad Weiser. Huyo Weiser alijua habari za merikebu kuliko mkwewe. Mwaka 1710, alipokuwa kijana wa miaka kumi na mitatu, yeye na baba yake na ndugu zake walifika New York pamoja na watu wapatao elfu tatu kutoka nchi ya Pfalz. Mama yake alikuwa amekufa kabla ya safari. Mamia ya watu walikufa njiani kwa homa. Kisha baba yake alimpeleka akae kwa wenyeji wa nchi, watu wa Mohawk, apate kujifunza lugha yao. Aliteseka huko kwa njaa na baridi, lakini lugha hiyo ikamfanya baadaye awe mkalimani na mpatanishi kati ya wazungu na wenyeji miaka mingi. Mungu akamjalia Mühlenberg na mkewe watoto kumi na mmoja, na saba wakakua.

6. Merikebu za wageni

Sasa tufike katika jambo lililousumbua moyo wa Mühlenberg kuliko mengine. Kila mwaka, majira ya mwisho wa joto, merikebu zilifika Philadelphia zikiwa zimejaa Wajerumani maskini. Tangu 1749 mpaka 1754 walifika maelfu kila mwaka. Wengi walikuwa wameshawishiwa na mawakala waliozunguka vijijini kando ya mto Rhine, wamevaa nguo nzuri na saa za mfukoni, wakisifu Amerika kana kwamba ni bustani ya Edeni. Mawakala hao walilipwa na wenye merikebu kwa kila kichwa walichopeleka.

Gottlieb Mittelberger alifika mwaka 1750 akileta kinanda, akawa mwalimu na mpiga kinanda katika usharika wa Mühlenberg huko New Providence karibu miaka minne. Aliporudi Ujerumani aliandika kitabu, kilichopigwa chapa mwaka 1756, ili awaonye watu wake wasidanganyike. Alisimulia jinsi abiria walivyopangwa kama samaki katika pipa, maji yakawa meusi na mikate ikajaa wadudu, chawa wakawa tele, na homa na kuhara vikawaua watu kila siku. Katika merikebu yake aliwaona watoto thelathini na wawili waliokufa wakatupwa baharini, na wazazi wao hawakupata hata kaburi la kulilia.

Merikebu ilipotia nanga, mateso hayakwisha. Waliolipa nauli walishuka. Wasioweza kulipa walikaa ndani mpaka mtu aje kuwanunua, yaani kuwalipia nauli, nao wakamtumikia miaka mitatu, minne, hata sita. Watoto walifungwa kwa mkataba mpaka umri wa miaka ishirini na mmoja. Mume alichukuliwa upande huu, mke upande huu, na watoto mahali pengine, wasionane tena miaka mingi, pengine wasionane kabisa. Na kama mume alikufa njiani safari ikiwa imepita nusu, mjane wake alitumikia kwa nauli yake mwenyewe na kwa nauli ya marehemu pia. Wagonjwa hawakutakiwa na mtu, basi walibaki merikebuni majuma mengi, na wengi walifia humo wakiiona nchi waliyoitamani.

Mühlenberg hakuwa na fedha ya kuwakomboa watu hao, wala hakuwa na amri juu ya wenye merikebu. Lakini alifanya alichoweza. Yeye na wachungaji wenzake waliwatembelea wagonjwa, waliwazika wafu, waliwatafuta watumishi katika mashamba ya mbali ili wasikose Ubatizo na mafundisho. Tena aliandika. Barua zake zilipelekwa Halle zikapigwa chapa huko tangu mwaka 1744, na watu wa Ujerumani wakasoma ukweli wa mambo, wala si maneno ya mawakala. Aliwaonya wasiokuwa na haja ya kusafiri wakae kwao. Aliwaomba wakubwa watume wachungaji zaidi, kwa maana mtu aliyenyang'anywa nchi yake na jamaa yake, akikosa na neno la Mungu, amekosa yote.

Mbegu hiyo ilizaa. Katika usharika wa Philadelphia alikuwamo mzee wa kanisa aitwaye Heinrich Keppele, mfanya biashara tajiri. Yeye mwenyewe alifika mwaka 1738 katika merikebu iliyochukua watu zaidi ya mia tatu, na kati yao wapatao mia mbili na hamsini walikufa. Keppele alitajirika, lakini hakuisahau merikebu yake. Tarehe 26 Desemba 1764, siku ya pili ya Noeli, watu wapatao sitini na watano walikutana katika nyumba ya shule ya Walutheri Philadelphia wakaanzisha chama cha kuwasaidia Wajerumani wanaofika, na Keppele akawa rais wake wa kwanza. Mwaka uliofuata serikali ya Pennsylvania ikatoa sheria ya kuwalinda wageni hao. Chama hicho kingalipo mpaka leo. Twaona basi ya kuwa waliokwisha kufika pwani ndio waliowakumbuka walio bado baharini.

7. Jambo lililobaki

Walakini mwenye kusimulia maisha ya mtumishi wa Mungu hana ruhusa ya kusimulia mazuri tu. Mwaka 1774 Mühlenberg, sasa mzee wa miaka sitini na mitatu, alisafiri tena kwa merikebu mpaka Charleston na Ebenezer ili apatanishe ugomvi kati ya wachungaji wawili. Akaikuta Ebenezer imebadilika. Sheria ya kukataza watumwa ilikuwa imeondolewa Georgia tangu miaka ya 1750, na Boltzius mwenyewe mwishowe alikuwa amechoka kupinga. Wana wa wale waliofukuzwa Salzburg, waliotembea theluji wakiimba kwa ajili ya uhuru wa imani yao, sasa walikuwa na watumwa Waafrika mashambani mwao.

Ndipo twalikumbuka lile neno aliloliandika alipofika mara ya kwanza. Aliiona dhambi hiyo siku za kwanza, akaiita kwa jina lake. Lakini nguvu zake zote alizitia katika kuwatafuta kondoo wa lugha yake, na Kanisa lake halikusimama kwa pamoja kuipinga. Hukumu aliyoiogopa ilikuja kweli katika vita kubwa ya Marekani ya mwaka 1861 mpaka 1865. Sisi tulio Waafrika hatusomi habari hii ili tumhukumu mzee huyo. Twaisoma ili tujionye, maana aliyekuwa mgeni jana aweza kuwa bwana mkali leo, kama Israeli walivyoonywa mara nyingi katika Torati wasisahau ya kuwa walikuwa wageni Misri.

8. Mwisho wake

Miaka ya mwisho ilikuwa ya taabu. Vita ya kutafuta uhuru wa Marekani ilipoanza, Mühlenberg alisongwa na mashaka, kwa kuwa alikuwa amemwapia mfalme George kiapo cha utii, na mwanawe Peter, aliyekuwa mchungaji, aliacha usharika akawa jemadari katika jeshi la Wamarekani. Mwaka 1776 mzee alihamia Trappe. Nyumba yake ikajaa wakimbizi kutoka Philadelphia, na mwaka 1777 askari wakaingia kanisani na farasi zao. Siku moja aliwakuta humo, mmoja akipiga kinanda na wengine wakiimba kwa mzaha. Aliwapa maneno machache, akaondoka, maana nguvu za kugombana alikuwa hana tena.

Hata hivyo hakuacha kazi. Alisaidia kukitengeneza kitabu cha nyimbo cha Walutheri wa Amerika, kilichotoka mwaka 1786. Masikio yake yaliziba, miguu yake ikavimba, lakini aliendelea kuandika kitabu chake cha kila siku karibu mpaka mwisho. Tarehe 7 Oktoba 1787 akalala katika Bwana huko Trappe, umri wake miaka sabini na sita. Alizikwa nyuma ya kanisa lile lile alilolijenga. Mwaka 1789 mwanawe Frederick akawa Spika wa kwanza wa Bunge la Marekani.

Wapenzi wasomaji, na hasa ninyi waalimu na wainjilisti, merikebu zile za matanga hazipo tena. Lakini watu wangali wanashuka kila siku katika nchi na miji wasiyoijua, kwa miguu, kwa magari na kwa meli. Mmoja hutafuta kazi, mwingine hukimbia vita, mwingine amedanganywa na wakala mwenye maneno matamu. Usharika unaomtoa mshiriki na umpe barua, kama Mühlenberg alivyopewa. Na usharika unaompokea usingoje aje kubisha hodi. Mühlenberg alipofika hapakuwa na mtu gatini. Yeye alitumia miaka arobaini na mitano iliyobaki ili wengine watakaofika wamkute mtu.